Mzee wa Vifungo, Aliyepiga Hodi Kwenye Simu

Kaa hapo kwenye ndoo, mwanangu, ila usiusukume ungo wangu. Leo nataka nikusimulie Mzee wa Vifungo, na nikianza habari za yule mzee huwa nacheka mwenyewe kabla ya wanaonisikiliza, kwa hiyo unisamehe mapema.

Jina analo, refu, la ukoo wa Kiarabu, lakini hapa Kariakoo hakuna aliyelitumia. Duka lake lilikuwa mkabala na meza yangu ya dagaa, jembamba kama korido, limejaa vifungo, zipu, nyuzi na lastiki mpaka darini. Siku hizi pale wanauza makava ya simu, wanapiga muziki mpaka dagaa wangu wanaruka wenyewe. Enzi zake mle dukani kulikuwa kimya. Unapita nje, unasikia mtu peke yake ndani anasema, "Hodi! Hodi wenyewe!" Unachungulia, hamna mgeni. Mzee kakaa kwenye stuli, kanzu nyeupe, miwani puani, anaipigia hodi simu.

Mara ya kwanza nilidhani akili imemruka.

"Shikamoo, mzee wangu. Unampigia hodi nani?"

"Marahaba, Bi Dagaa. Naingia kwenye baraza la mtu."

"Baraza gani hilo, ndani ya simu?"

"Njoo uone."

Nikaenda na mikono yangu inanuka dagaa. Akanionyesha ukurasa wa kijani, umekaa shaghalabaghala, maandishi makubwa, picha za konokono. Kurasa kama hizo vijana wanaziita tovuti. Yeye alisema vibaraza. Akaniambia, "Huko mtandaoni kuna masoko makubwa, kila mtu anapiga kelele. Mimi huko sina haja, kelele ninazo bure hapa mlangoni. Lakini ukipita uchochoroni, unakuta vibaraza. Mtu mmoja, kwake, kapanga vitu anavyovipenda. Hauzi. Hatangazi. Kakaa tu anangoja mpita njia."

Na vilikuwepo kweli, jamani! Kuna bwana mmoja wa nchi ya baridi, kila mvua ikinyesha anatoka nyuma ya nyumba yake kutazama konokono ukutani, halafu anaandika: leo nimemuona yule mwenye gamba lililobanduka, anapanda tena. Basi, hiyo ndiyo habari nzima! Kuna mama kaandika habari za mti mmoja tu, ulioko mbele ya dirisha lake, kila ndege anayetua, kila mdudu. Kuna mwingine anachora chawa. Chawa, mwanangu! Kawachora wamependeza mpaka unaona aibu umewaua wangapi. Mzee alikuwa anabonyeza mahali, simu inageuza maneno ya Kizungu kuwa Kiswahili, Kiswahili chenyewe kimepinda miguu, lakini unaelewa.

Na alikuwa na sheria yake moja, hakuivunja. Kila kibaraza kina mahali pa kuandika salamu. Yeye hakutoka kwa mtu bila kuandika. "Huwezi kuingia kwa mtu, ukatazama vitu vyake vyote, ukaondoka kimya. Huo ni wizi wa macho." Hata akiingia mahali kwa bahati mbaya, hata kama hapakumpendeza, ataandika: Asalaam aleikum, nimepita, nimeona, nashukuru, mimi muuza vifungo wa Dar es Salaam.

Bwana wa konokono akanyamaza siku moja. Wiki ikapita, nyingine ikapita, mvua huko zinanyesha, haandiki. Mzee wetu akakosa raha. Anampimia fundi lesi, anakosea. Ijumaa akaenda msikitini, baada ya sala akaomba watu wainue mikono, kuna mgonjwa. Imamu akamuuliza, "Anaumwa nini?"

"Sijui."

"Ni ndugu yako?"

"Jirani."

Wakamuombea. Haujapita muda, bwana akarudi kibarazani, mzima wa afya, eti paa lilikuwa linavuja, alikuwa juu anaziba. Ungemuona Mzee alivyokasirika! "Paa! Sisi tumeinua mikono msikiti mzima, yeye yuko juu ya paa!" Halafu hasira zikamuisha, akamuita muuza kahawa, akatunywesha wote kahawa na kashata kwa ajili ya uzima wa Mzungu wa konokono.

Mimi na yeye tuliunganishwa na takataka. Wewe unajua kazi hii. Dagaa akitoka pwani hajaja peke yake, nyavu hazichagui. Ukimwaga dagaa mchele kwenye ungo unakuta kaa kama punje ya mtama, vipweza vimekauka vimekunja mikono, samaki wembamba kama sindano, na siku ya bahati yule mdogo mwenye kichwa cha farasi. Mnunuzi hataki kuviona hivyo. Kazi yangu ni kuvichambua nivitupe. Basi kila asubuhi Mzee anavuka barabara, anakwepa toroli, watu wanamfokea "Mzee, pembeni, mzigo!", anafika na kikopo chake.

"Bi Dagaa, takataka zangu zipo?"

Jirani yangu muuza nazi, mwanamke mwenye mdomo yule, hakumuacha hata siku moja. "We Bi Dagaa, endelea kumpa huyo mzee madudu yako. Kesho utaamka una mkia, utaanza kulia nyau!"

"Nikiwa paka nitakuja kulala mezani kwako," namjibu.

"Njoo tu, nitakupa machicha."

Na Mzee anacheka, hajitetei. Lakini mtaa ulinong'ona kweli. Mzee mzima, kanzu, anakusanya vikavu vya baharini, anajifungia navyo mchana. Mpaka siku jirani wa nazi mwenyewe alipofuata zipu, akakuta masanduku ya vifungo yamefunguliwa juu ya kaunta. Unayajua yale masanduku yenye vyumba vidogo vidogo? Nusu yake vifungo, nusu yake wale wadogo wangu wa kwenye ungo. Kila mmoja na chumba chake, juu ya pamba, na kikaratasi cha jina. Kaa kwa kaa. Pweza kwa pweza. Jirani alirudi bila zipu. Akaniambia, "Shoga, kumbe tunatupa vito." Kesho yake akaanza kumletea buibui wa kwenye makumbi ya nazi, wakiwa hai, Mzee akatoka mbio akaliacha duka.

Maana Mzee, hapo ndipo utachoka, alikuwa muoga. Kikavu anakipenda, chenye uhai akikiona anapanda juu ya kitu. Siku moja mende alitoka kwenye boksi la zipu, nikasikia, "Bi Dagaa! Bi Dagaa, njoo!" Nikavuka mbio nikidhani mwizi. Mzee yuko juu ya stuli, kanzu kaikusanya magotini. Nikavua ndala, nikampiga mende. Akashuka polepole, akaweka miwani, akainama.

"Masikini. Umeona mbawa zake zilivyolaliana?"

"Si huyu uliyekuwa unamkimbia sasa hivi?"

"Nilikuwa nakimbia mwendo wake. Mbawa hazina kosa."

Na bahari yenyewe aliiogopa. Mtu wa pwani, wa kuzaliwa na upepo wa chumvi, akipanda pantoni kwenda Kigamboni anafumba macho, anasoma dua mpaka ng'ambo. Dagaa hali. "Siwezi kula watu ninaowajua," anasema. Uzi anakupimia kwa ukucha, hakuongezei hata urefu wa nyusi, lakini ukimuuliza kwa nini kaa anatembea ubavu, duka linafungwa, unaletewa kiti, unasahau ulifuata nini.

Binti yake, anayekaa Upanga, alimsaidia na yeye awe na kibaraza chake humo humo kwenye simu. Kila mkavu kapigwa picha, chini kaandikiwa maneno. Nilimuona kaa wa kwenye ungo wangu humo, nikaona fahari kama nimezaa. Ila sehemu ya salamu ilikuwa tupu. Yeye anapita kwa watu wote duniani, kwake hapiti mtu. Hakulalamika. Anafagia tu, nadhani ndiyo neno, anafuta picha mbaya, anaweka nzuri, kama mtu anayengoja wageni.

Sasa kuna mmoja kwenye ungo nilitaka kumtupa kabisa. Nilidhani ni kipande cha nailoni. Bapa, unaona mwanga upande wa pili, mwepesi ukipumua anaondoka. Mzee akamuweka chini ya kioo chake cha kukuzia. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Bi Dagaa, ana macho."

Nikaangalia. Kweli! Macho mawili kwenye vijiti, yametoka nje. Mwili kama kifungo cha shati kilichokanyagwa, na miguu mirefu, myembamba kuliko nyuzi zake zote. Buibui si buibui, kaa si kaa. Mzee akavitoa vifungo vya lulu kwenye chumba chake, akamlaza huyo. Kwenye kikaratasi hakuwa na jina la kuandika, akaandika "Mgeni".

Akaanza kumtafuta. Alipiga hodi kwa watu wa mabuibui, kwa watu wa kaa, kwa mtu mmoja anayekusanya vile vidudu vinavyojifanya vijiti. Miaka, mwanangu. Kila kiumbe mkubwa wa baharini alitazamwa uso, hakuna anayefanana naye. Na katikati ya kutafuta huko, daktari akamwambia ana presha ya macho. Yanaanza kufunga kutoka pembeni, yanakuja katikati, na yakishafunga hayafunguki.

Aliponiambia hakuwa na huzuni ya kujionyesha. Alikaa mezani kwangu, akachukua dagaa mmoja akawa anamgeuza. "Vifungo nitavijua kwa vidole. Binti yangu nitamjua kwa sauti. Huyu Mgeni nataka nimjue kwa jina wakati bado namuona. Nimekaa naye nyumba moja miaka yote hii, sijui nimuite nani. Si aibu hiyo?"

Nikamwambia, "Tutampata." Nilisema tu, ningesema nini?

Macho yakaendelea kufunga. Akawa anauza zipu nyekundu kwa mtu aliyetaka ya maruni, mafundi wanabadilisha wenyewe kimya kimya. Halafu siku moja akavuka barabara, jirani wa nazi kamshika mkono maana toroli hakuziona, akaniwekea simu mezani.

"Bi Dagaa, nisomee."

"Mimi? Mzee, mimi nimetoka darasa la tatu! Nasoma kama mtu anayepanda ngazi na mzigo."

"Vizuri. Hao wadudu wenyewe hawana haraka, wameshakufa."

Basi tukaanza. Adhuhuri wateja wakipungua, navuka, nanawa mikono, nasoma. Ko-no-ko-no. Ga-mba. Nikikwama ananingoja. Nikikosea jirani wa nazi anapiga kelele toka ng'ambo, "Rudia! Mwalimu kakasirika!" Na hodi nilipiga mimi, maana alinikataza kuingia bila hodi. Mwanzoni niliona haya. Baadaye nikawa nabisha kwa sauti mpaka wapita njia wanageuka.

Siku moja nikaangukia kibaraza cha mama mmoja, mtu mzima kama sisi, huko kwao. Cheusi chote, na juu yake vitu vinavyong'aa kama bilauri, vimejaa nywele na vijimkia. Maandishi yakasema: hawa ni watoto wa baharini, wakiwa bado wachanga, wanapeperushwa na maji.

"Watoto?" Mzee akasema. "Pita, Bi Dagaa. Mimi natafuta mkubwa."

"Wazuri lakini!"

"Pita. Muda wangu wa kuona unaisha."

Mwanangu, mimi ni bibi. Nipitishe mahali popote, usinipitishe kwenye watoto. Nikakaa hapo hapo, natazama mmoja mmoja, huyu ana macho kama ya kinyonga, huyu kajikunja kama kashtuliwa usingizini. Mzee akaanza kugonga kaunta kwa kidole. Nikamwambia, "Haya, natoka. Lakini tutatokaje bila salamu?"

Kidole kikaacha kugonga. Nilimshika kwenye sheria yake mwenyewe. Akashusha pumzi, akaanza kunitajia maneno, kwa uchovu, kama mtu anayelipa nauli. Asalaam aleikum, tumepita, tumeona, tunashukuru, mimi muuza vifungo wa Dar es Salaam. Naandika kwa kidole kimoja. Halafu akaongeza, "Mwambie na sisi tuna baraza. Apite akipata nafasi, tuna mgeni hatumjui jina." Nikabonyeza. Tukaenda kwa mtu wa kaa.

Haukupita mwezi binti yake akaja kumchukua. Duka likafungwa, masanduku yakapakiwa kwenye bajaji, Mzee katikati yake kayakumbatia. Jirani wa nazi alilia wazi wazi, halafu akamgombeza dereva, "Endesha taratibu, umebeba mtu na jamaa zake!"

Mimi nikakaa na meza yangu. Takataka naziweka kwenye kopo, naziweka tu, hata sijui kwa nini. Kopo lilipojaa nikajifunga kanga, nikaenda zangu Upanga kwa miguu, nikakatiza Mnazi Mmoja, jua la saa nne linachoma utosi.

Nikamkuta kakaa karibu na dirisha la ghorofa ya pili. Kasafishwa, kapendeza, kanyooka. Anageuzia uso kwenye mwanga kama maua. Mwanga tu ndio ulikuwa umebaki.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba! Bi Dagaa! Nimekusikia toka ngazini, ile harufu haikosei."

"Unanitukana kwako?"

"Nakusifia. Lete takataka zangu."

Akaingiza vidole ndani ya kopo. Kaa, akasema. Pweza, huyu kavunjika mkono. Anawataja kwa kugusa. Nikafurahi, lakini moyo unaniuma pia, maana nilijua anayefikiriwa ni yupi, na yeye alijua ninajua. Sanduku lilikuwa mezani, mfuniko umefungwa.

"Yule bado?" nikauliza.

"Bado. Nimeshindana na macho, yamenishinda mbio." Akatabasamu kidogo. "Binti yangu yuko kazini Posta kutwa, akirudi kachoka, simsumbui na vibaraza. Tangu nije hapa sijaenda kwa mtu. Fungua, basi, tufagie kwetu angalau."

Nikachukua simu. Nikapiga hodi kwenye baraza letu wenyewe, akacheka. Nikashuka chini kwenye sehemu ya salamu, ile ambayo siku zote ni tupu.

Haikuwa tupu.

"Mzee. Kuna mtu kapita."

"Nani?"

"Ngoja nipande ngazi zangu." Nikaanza. Kiswahili cha simu, kimepinda, lakini nilikisoma chote, silabi kwa silabi, na yeye kashika mikono ya kiti. Alikuwa yule mama wa watoto wa baharini. Aliandika: Hodi, muuza vifungo. Asante kwa kupita kwangu, ni nadra mtu kupita. Nimemuona mgeni wenu. Nimeruka kwenye kiti. Huyu ni mtoto. Ni mtoto wa kamba kochi. Akiwa mchanga huwa bapa na mwangavu kama jani la kioo, anaelea baharini miezi mingi, halafu anajigeuza mwili wote anakuwa kamba. Mimi nimewaona kwenye chupa za dawa ya kuhifadhia tu. Aliyekaushwa juani pamoja na samaki wa kula, sijapata kumuona. Naomba nipite tena.

Nje bajaji zinapiga honi.

"Kamba kochi," Mzee akasema.

"Ndivyo alivyoandika."

"Kamba kochi huyu huyu wa feri? Wa mahotelini?"

"Huyo huyo, mwenye masharubu."

"Na mimi nikamtafuta mkubwa anayefanana naye!" Akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia. Anacheka. "Dunia nzima nimepiga hodi, kumbe nabisha kwa wazee kuuliza habari za kitoto kichanga!" Halafu kicheko kikapungua. Akapapasa sanduku, akafungua, kidole kikaenda chumba kile kile bila kukosea, lakini hakugusa. "Ningalijua mwaka jana ningalimtazama mara moja hivi, huku nalijua jina lake. Mara moja tu. Haya. Mtazame wewe. Uniambie."

Nikasogeza sanduku dirishani. Nikamwambia nilichokiona, taratibu. Kwamba mwanga unapita ndani yake. Kwamba macho yapo kwenye vijiti vyake, moja limeinama kidogo. Kwamba miguu imekunjwa kama ya mtoto aliyelazwa. Kwamba hana hata doa.

"Ni mzuri?" akauliza.

"Mzee, ni mzuri, Mungu anajua."

Na hapo sikujizuia. Mimi habari ya mtoto nikiipata, mdomo haunisubiri. Nikapiga kigelegele. Kile cha kwetu, kirefu, cha kupasua bati. Mzee akapiga makofi, "Kingine!" Nikapiga kingine.

Mlango wa jirani ukafunguka, nikasikia ndala mbio, hodi hodi hodi. Nikafungua. Mama mmoja wa Kihindi, wa mlango unaotazamana na wa Mzee, unga mikononi, macho yamemtoka.

"Kuna nini? Harusi?"

"Hapana, mama!" Mzee akajibu toka kwenye kiti. "Mtoto! Tumepata mtoto!"

"Wa nani?"

"Wa kamba kochi!"

Yule mama akanitazama mimi. Akamtazama Mzee anavyometameta usoni. Akafuta unga kwenye nguo.

"Hongereni sana," akasema, akarudi ndani kwake. Nikadhani tumemkera. Kumbe haukupita muda akagonga tena, kashika sahani ya jalebi za moto.

"Karibu ndani, mama," Mzee akamwambia, keshanyoosha mikono kuelekea sauti yake. "Bi Dagaa, sogeza kiti. Mpe mtoto amuone."